Kompyuta inayonguruma studioni: ni feni gani inayotuliza kelele, na kwa bei gani?

Katika studio nyingi ndogo za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, kompyuta na mikro vinakaa chumba kimoja. Humo mtangazaji wa redio ya jamii anasoma habari, kwaya inarekodi wimbo wake, na fundi wa video anaweka sauti kwenye filamu ya arusi. Na humo humo, chini ya meza, feni ya kompyuta inanguruma tangu asubuhi hadi jioni.

Sikio la mtu huizoea kelele hiyo baada ya dakika chache. Mikro haiizoei. Inaichukua yote na kuiweka nyuma ya kila neno, na msikilizaji aliye kijijini na redio yake ndogo anapokea sauti iliyofunikwa na mvumo. Programu za kufuta kelele zipo, tena nyingine ni za bure kama Audacity, lakini ukizitumia kwa nguvu zinafuta pia sehemu ya sauti ya msemaji, hadi mtu anasikika kama anayesemea ndani ya ndoo. Dawa iliyo bora ni kuzuia kelele kabla haijafika kwenye mikro.

Wengi hufikiri kwamba ni lazima kununua kompyuta mpya. Mara nyingi si lazima. Feni, ile ambayo mafundi wetu huiita ventilatere, ni kifaa kidogo kinachoweza kubadilishwa kwa bisibisi moja. Swali ni kuchagua ipi, maana masokoni na kwenye intaneti ziko nyingi, na kila moja imeandikwa kwenye boksi lake kwamba haina kelele.

Kelele inatoka wapi?

Feni inafanya kelele kwa njia tatu. Ya kwanza ni hewa yenyewe inapopasuliwa na mabawa. Ya pili ni beringi, yaani sehemu ya katikati inayobeba mhimili unaozunguka; ikichoka, feni hukwaruza au kulia. Ya tatu ni mtikisiko unaopita kutoka kwenye feni kwenda kwenye kisanduku cha chuma, na kutoka hapo kwenda kwenye meza. Meza ikiwa nyepesi, nayo inaanza kuvuma kama ngoma.

Kati ya hizo tatu, kasi ndiyo inayotawala. Kwa hesabu inayotumiwa na wahandisi, ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa karibu desibeli 15. Na desibeli 10 peke yake zinatosha ili sikio lione kwamba kelele imepungua kwa nusu. Hewa inayopita nayo inapungua kwa nusu, ni kweli, lakini hapo unaweza kuongeza feni ya pili. Feni mbili zinazofanana zinaongeza desibeli 3 tu juu ya feni moja. Kwa hiyo feni mbili zinazokwenda taratibu zinaweza kusukuma hewa karibu sawa na feni moja inayokimbia, zikiwa na kelele ndogo zaidi.

Ukubwa pia unasaidia. Feni ya milimita 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya feni ya milimita 80 iliyoko katika kompyuta nyingi za zamani. Inahamisha hewa ile ile bila kukimbia. Kama kisanduku chako kina nafasi ya milimita 120 au 140, usiweke ndogo.

Usiamini desibeli za kwenye boksi peke yake

Mnunuzi wengi huangalia namba ya desibeli na kuchagua iliyo ndogo. Lakini kila kiwanda kinapima kwa njia yake, katika chumba chake, kwa umbali wake. Wengine hawatumii hata desibeli. Arctic, kwa mfano, huandika kelele kwa kipimo kingine kiitwacho soni. Namba mbili zilizopimwa kwa njia tofauti ni sawa na kulinganisha kilo na debe.

Zaidi ya hayo, namba hiyo kwa kawaida ni ya feni inayokwenda kwa kasi yake ya juu kabisa. Studioni hatuitaki kasi hiyo. Swali la kweli ni hili: feni hii inaweza kuipoza kompyuta yangu ikizunguka taratibu, tuseme mara 700 au 800 kwa dakika? Feni itakayojibu ndiyo, hiyo ndiyo ya kimya.

Feni tatu kwenye mizani

Tumechagua tatu za milimita 120 ambazo zinajulikana sana duniani, zote katika toleo la pini 4.

Ya kwanza ni Noctua NF-A12x25, ya kampuni ya Austria. Inatambulika kwa rangi yake ya kahawia na krimu, ambayo wengine huicheka. Kasi yake ya juu ni mizunguko 2,000 kwa dakika, na kiwanda kinaipa desibeli 22.6. Ubora wake uko katika ufundi: nafasi kati ya ncha ya bawa na fremu ni nusu milimita tu, na plastiki yake ni ngumu kiasi kwamba mabawa hayatanuki na kugusa fremu baada ya miaka ya joto na mzunguko. Kwa sababu hiyo inasukuma hewa vizuri hata mbele ya kizuizi, kama vile kichujio cha vumbi au kipoza-joto cha prosesa. Garantii yake ni miaka 6. Tatizo ni bei: huko Ulaya na Marekani inauzwa kwa takriban dola 30 au zaidi, kabla ya kuongeza usafiri hadi kwetu.

Ya pili ni Silent Wings 4 ya be quiet!, jina la biashara la Kijerumani. Kasi yake ya juu ni mizunguko 1,600 na kiwanda kinaipa desibeli 18.9. Pembe zake za kufungia zina mpira unaozuia mtikisiko usifike kwenye chuma. Ni nzuri hasa kwa kuingiza na kutoa hewa kwenye kisanduku. Bei yake iko katikati, chini ya Noctua. Lakini kuwa mwangalifu: kuna toleo jingine la jina hilo hilo lenye kasi ya mizunguko 2,500, ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya ukimya huo.

Ya tatu ni Arctic P12. Hiyo ndiyo ya mfuko mdogo. Inafika mizunguko 1,800 kwa dakika, na nguvu yake ya kusukuma hewa inashangaza kwa bei yake, ambayo ni karibu theluthi ya bei ya Noctua. Huuzwa pia kwa pakiti ya feni tano, na hapo kila moja inashuka bei zaidi. Kasoro yake inajulikana: wapimaji wengi wameandika kwamba inatoa mvumo wa sauti moja inapokaribia mizunguko 900 hadi 1,000 kwa dakika. Ukiiweka chini ya hapo, mvumo huo unaondoka. Na usiichanganye na P12 Max, inayofika mizunguko 3,300. Hiyo ikikimbia, studio nzima itajua.

Kwa mizani yetu, kama unaweka feni moja tu juu ya prosesa na mkono wako unaruhusu, Noctua inastahili pesa zake. Kama unahitaji feni mbili au tatu za kisanduku, Arctic inayozuiliwa kwenye mizunguko 700 au 800 itakupa karibu utulivu ule ule, na pesa inayobaki italipa vitu vingine ambavyo studio inavihitaji.

Kuhusu umeme, hakuna sababu ya kuogopa. Noctua hiyo haizidi wati 2 hata ikikimbia. Anayetumia sola au betri hataiona tofauti.

Vumbi letu si vumbi la kwao

Namba hizo za viwanda hupimwa katika vyumba safi. Huku kwetu mambo ni mengine. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002 na ikarudi kwenye viunga vyake Mei 2021. Barabara zake nyingi, kuta zake na viwanja vyake vimejaa mawe hayo, na wakati wa kiangazi vumbi lake jeusi linaingia kila mahali. Ni vumbi gumu, lenye chembe zinazokwaruza. Butembo na Bunia nazo zina vumbi lao jekundu.

Vumbi hilo linaziba nafasi nyembamba za kipoza-joto. Joto likikosa pa kutokea, kompyuta inaamuru feni iongeze kasi, na kelele inapanda. Ikiendelea hivyo, prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, kazi inakuwa nzito, na mwishoni mashine inajizima yenyewe. Kipindi kilichokuwa kinahaririwa bila kuhifadhiwa kinapotea. Ndiyo maana feni ya dola 30 ndani ya kompyuta chafu itapiga kelele kuliko feni ya kawaida ndani ya kompyuta safi.

Mwinuko nao una neno lake. Goma iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Bahati nzuri, hali ya Goma na Bukavu ni ya baridi. Kwa wakaaji wa Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, hewa ni nzito kidogo lakini joto ni kali zaidi, na huko feni mbili ni bora kuliko moja.

Kabla ya kulipa, fanya haya

Kwanza, jua ni feni gani inayopiga kelele. Fungua ubavu wa kisanduku kompyuta ikiwa inafanya kazi, bila kugusa kitu ndani, na usikilize. Inaweza kuwa ya prosesa, ya kisanduku, ya kadi ya video, au ya sehemu inayogawa umeme. Hiyo ya mwisho usiifungue mwenyewe: ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mpelekee fundi.

Pili, zima mashine, chomoa waya, kisha safisha. Tumia brashi laini na pampu ya hewa. Shikilia mabawa kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza, kwa maana kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuharibu beringi. Kama kompyuta ina miaka mingi, pasta iliyo kati ya prosesa na kipoza-joto huenda imekauka. Mwambie fundi aibadilishe.

Tatu, hesabu pini. Feni ya pini 4 inapokea amri ya kasi moja kwa moja. Ya pini 3 inatawaliwa kwa kupunguza volti, na bodi kuu isipopangwa hivyo, feni itakimbia kasi yote. Watu wengi wanalaumu feni wakati kosa ni la mpangilio. Ingia kwenye BIOS, tafuta sehemu ya feni, uichagulie kasi ya chini wakati kompyuta haina kazi nzito. Kwenye Windows kuna pia programu ya bure iitwayo Fan Control, ingawa haikubaliani na kila mashine.

Nne, tahadhari kwa wenye kompyuta za mitumba za Dell na HP, ambazo ni nyingi ofisini kwetu. Baadhi zina plagi za feni zisizo za kawaida, na zikiwashwa bila kuiona feni yake ya asili zinatoa onyo au kukataa kuendelea. Fungua kwanza, piga picha ya plagi, umwonyeshe muuzaji kabla hajapokea pesa.

Tano, weka feni za kuingiza hewa nyingi kuliko za kutoa, na mbele yake kichujio. Hewa itaingia kwa mlango mmoja unaoujua, badala ya kunyonya vumbi kupitia kila tundu. Kichujio kikijaa, kioshe, kikauke, kirudi.

Sita, ondoa kisanduku mezani. Kiweke sakafuni juu ya kipande cha mpira au zulia nene, mbali na mikro, bila kuziba matundu yake. Kuongeza umbali mara mbili kati ya mikro na feni kunaweza kupunguza kelele inayofika hadi desibeli 6, ingawa katika chumba kidogo chenye kuta tupu faida hiyo inakuwa ndogo. Na hatua hiyo haina gharama hata ya franka moja.

Kwa studio yenye dola 20 tu, mpangilio wetu ni huu: usafi kwanza, kusogeza kisanduku, kurekebisha kasi kwenye BIOS, kisha rekodi dakika moja ya ukimya na kuisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Kama mvumo bado upo, hapo ndipo feni mpya inapoingia kwenye hesabu. Rekodi tena dakika hiyo baada ya kuifunga, na utajua kama pesa yako imefanya kazi.