Jeraha Lisiloonekana Bondeni Mkondoa

Mto Mkondoa, upitao kando ya reli baina ya Munisagara na mji wa Kilosa, ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukabomoa nyumba na kuwaacha maelfu wakiishi katika mahema, fikira za wengi zilielekea kwenye unga, mablanketi na dawa. Nazo ni haja za kweli. Lakini yupo ambaye, hata akiisha kupata hema na chakula, hushikwa na fazaa kila mvua ipigapo bati. Wala jeraha hilo la moyoni haliletwi na maji peke yake: katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Na khofu itokayo mkononi mwa jirani, kwa rai yangu, ni nzito kuliko ile ya maji.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011, lilinasihi kwamba aliyefikwa na masaibu asilazimishwe kuyasimulia (jambo ambalo wageni wenye madaftari hulisahau upesi), bali atulizwe, asikilizwe apendapo kusema, na aunganishwe na jamaa zake. Ikiwa majuma yamepita na jirani yako bado halali usiku wala hatoki nje, fuatana naye hadi zahanati.