Mhunzi wa Mbali

Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, twasoma kwamba Israeli haikuwa na mhunzi. Wafilisti ndio walioshika kazi ya chuma. Aliyetaka kunoa jembe alikwenda kwao, akalipa.

Nasi tulio hapa Minjila, kwenye njia panda ya Malindi, Lamu na Garissa, mhunzi wetu ni nani? Aliyefua mkuki twamjua. Lakini hakuna fundi wa Garsen aliyepata kuunda Kalashnikov.

Miaka ya 1970 Umoja wa Kisovyeti uliijaza Somalia silaha. Vita vya Ogaden vya 1977 vikavunja urafiki huo, na baadaye Marekani ikaleta zake. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, maghala yakabaki wazi, bunduki zikavuka mpaka na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Ugomvi wa Wapokomo na Waorma juu ya malisho na mashamba ni wa zamani. Sisemi bunduki ndiyo iliyouzaa. Kule Riketa, Agosti 2012, wengi wa watu zaidi ya 50 waliouawa walikatwa kwa mapanga. Lakini Septemba, Kilelengwani, bunduki zilikuwako, na polisi 9 walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Mwaka 2006 Kenya ilikuwa kati ya nchi 7 zilizopeleka Umoja wa Mataifa ombi la mkataba wa biashara ya silaha. Ulipitishwa Aprili 2013. Nao wahusu mauzo baina ya mataifa. Bunduki iliyokwisha kufika, iliyofichwa makutini, hauigusi. Na mama wa nyumba ile anajua ilipo.