Picha za Tingatinga: jina ni la wote, je, hela ni ya nani?

Tembo mwenye madoa, chui mwenye macho ya kushangaa, ndege wenye rangi zinazowaka. Picha za Tingatinga zinauzwa karibu kila mahali anapopita mtalii: Mwenge, Stone Town, Arusha, mpaka Nairobi.

Mtu aliyeanzisha mtindo huo alifariki mwaka 1972. Leo yeyote mwenye brashi na kopo la rangi anaweza kuchora tembo wa aina hiyo na kumwita Tingatinga. Hakuna anayemzuia.

Sasa mchoraji anaishije kwa jina ambalo kila mtu analitumia? Wachoraji wa Dar es Salaam walijibu kwa kuunda chama cha ushirika, chenye karakana yao na sehemu yao ya kuuzia. Chama hicho kinafanya kazi gani hasa, na kwa nini bado kuna mvutano ndani yake?

Ilianzaje?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda kutafuta maisha, na hatimaye akafika Dar es Salaam. Alifanya vibarua vya hapa na pale.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakusomea sanaa na hakuwa na vifaa vya kisanii. Alitumia rangi ya baiskeli na hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuwekea dari. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ubao wa futi nne kwa nane ukiukata vipande vya futi mbili kwa mbili, unapata vipande vinane. Ndiyo maana picha nyingi za zamani ni za mraba.

Picha zilikuwa zinauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, eneo ambalo wageni na maofisa wa serikali walikuwa wanakwenda kununua mahitaji yao. Mkewe, Agatha, alikuwa anamsaidia kuuza. Biashara ilipochanganya, Tingatinga aliita ndugu na jamaa kutoka kusini akawafundisha kazi. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo ni January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Alikuwa na umri wa miaka 40 na alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wakabaki na vitu viwili: ujuzi na jina. Walijipanga kwanza kama kikundi cha wabia. Mwaka 1990 wakawa chama kamili cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, palepale Oysterbay.

Ushirika unamsaidiaje mchoraji?

Chukua mchoraji aliye peke yake. Amemaliza picha, rangi imekauka, na kodi ya chumba inadaiwa wiki hii. Hana duka. Akija mfanyabiashara wa vinyago akimpa shilingi 20,000, atachukua. Picha hiyohiyo ikifika dukani inaweza kuuzwa shilingi 100,000. Huu ni mfano tu wa hesabu, lakini kila mchoraji anaijua hali hiyo: mwenye njaa hapangi bei.

Ushirika unajaribu kubadilisha hesabu hiyo kwa njia nne.

Kwanza, sehemu ya kuuzia. Duka ni la wanachama wenyewe, kwa hiyo mnunuzi anakutana na picha bila kupitia kwa dalali. Oysterbay anaweza hata kumwona mchoraji kazini, brashi mkononi. Hilo peke yake ni tangazo.

Pili, mgawo unaojulikana. Picha ikiuzwa, chama kinakata asilimia yake na mchoraji anapata inayobaki. Tuseme kimekata asilimia 30 kwenye ile picha ya 100,000: mchoraji anabaki na 70,000. Kila chama kinajipangia kiwango chake, lakini kiwango kinajulikana kabla ya kuuza. Kwa dalali hujui kitu mpaka umeshapokea hela.

Tatu, gharama za pamoja. Umeme, mlinzi, kodi, usafirishaji wa picha kwenda nje ya nchi na uchapishaji wa vipeperushi, vyote vinalipwa kwenye ule mkato. Mtu mmoja hawezi kuvibeba.

Nne, kura. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaweka msingi wa mwanachama mmoja, kura moja. Mzee aliyechora miaka 30 na kijana aliyeingia mwaka jana wana sauti sawa kwenye mkutano mkuu. Viongozi wanachaguliwa, na vitabu vya hesabu vinatakiwa kukaguliwa.

Tanzania haiko peke yake. Wachongaji wa Kikamba nchini Kenya wana ushirika wao Changamwe, Mombasa, tangu miaka ya 1960, na wengine wako Wamunyu, Machakos. Wao wanauza vinyago, lakini shida iliyowakutanisha ni ileile ya dalali.

Mbona basi picha zinafanana?

Hapo ndipo penye mvutano.

Sehemu kubwa ya hela ya kila siku inatoka kwa mtalii. Mtalii ana mzigo wa kubeba na muda mfupi. Anataka twiga, tembo, simba au Mlima Kilimanjaro, na anataka kitu kinachoingia kwenye begi. Ndiyo maana wachoraji wengi wameacha hadibodi wakahamia kwenye kitambaa kinachowambwa kwenye fremu: ukikibandua, unakikunja unaondoka nacho.

Picha iliyouzika Jumatatu, Jumanne wanaichora watu watano. Wala hilo si wizi kwa macho ya wengi wao. Mtindo wenyewe ulirithishwa hivyo: mwanafunzi anakaa pembeni ya mwalimu, anaiga, anajaziwa mapengo, mpaka mkono unazoea. Kuiga ndiyo shule yao.

Tatizo linakuja kwenye bei. Tembo wakiwa wawili ukutani, kila mmoja ana thamani yake. Wakiwa hamsini, mnunuzi anaanza kuuliza, “Bei ya mwisho ngapi?” Wachoraji wanashindana kushusha, na ule mkato wa chama unazidi kuwa mzigo. Mwanachama anaanza kujiuliza kwa nini asiuze mwenyewe pale nje getini.

Kuna na suala la ukuta. Picha iliyo karibu na mlango inaonwa na kila anayeingia. Iliyo kona ya nyuma inapata vumbi. Nani anaamua ipi iwe wapi? Ugomvi mwingi kwenye vyama vya aina hii, popote duniani, hauanzii kwenye sanaa. Unaanzia kwenye msumari: nani ametundikiwa wapi.

Maonyesho yanaleta tofauti gani?

Kuuza dukani na kufanya maonyesho ni kazi mbili tofauti, hata kama ukuta ni uleule.

Dukani mtu ananunua “Tingatinga”. Kwenye maonyesho ananunua kazi ya fulani. Jina la mchoraji linaandikwa pembeni ya picha, kuna mada, kuna tarehe ya kufungua na kufunga. Picha zinakuwa chache, zimechaguliwa, na hazilundikwi. Mnunuzi anapewa sababu ya kulipa zaidi: hii ipo moja, na aliyeichora anajulikana.

Ndani ya mtindo huu wapo waliojitofautisha kwa njia hiyo. Mohamed Charinda alijulikana kwa kuchora visa vya vijijini, historia na mambo ya mizimu. Maurus Malikita anajulikana kwa picha zenye msongamano wa watu, hospitali ikiwa imefurika wagonjwa, kila mmoja na shughuli yake. Hawa hawakuacha rangi wala mbinu ya Tingatinga. Walitafuta la kusema, na mnunuzi akajifunza kuwatambua hata kabla ya kusoma sahihi.

Nje ya nchi, Japani ni miongoni mwa nchi ambako mtindo huu umepata mashabiki wengi, na maonyesho yamefanyika huko mara nyingi. Lakini mwaliko wa nje unaleta swali gumu chamani: anaenda nani? Akienda mzee mmoja kila mwaka, vijana wananung'unika. Wakienda kwa zamu, wenyeji wanaweza kulalamika kwamba hawakumwona waliyemtaka. Chama kinachopanga utaratibu mapema, kwa maandishi, kinapumua. Kinachosubiri mwaliko ufike ndiyo kianze kuchagua, kinagawanyika.

Sheria inalinda nini?

Wengi hawalijui hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe. Ukichora picha yako, mtu hana ruhusa ya kuinakili ilivyo, kuichapa kwenye fulana au kuiweka kwenye kalenda bila idhini yako.

Mtindo haulindwi hivyo. Rangi za kung'aa, wanyama wenye madoa, mandhari iliyojazwa bila kuacha nafasi: hayo yeyote anaweza kuyatumia. Mwaka 2010 katuni ya watoto iitwayo Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya BBC kwa watoto wa Uingereza. Wanyama wake wamechorwa kwa mtindo huu, na jina ni hilohilo. Mtindo ulioanzia chini ya mikono ya kibarua wa Tunduru ukaingia sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za Edward Tingatinga.

Kwa mchoraji wa kawaida funzo ni moja: jina la mtindo linasafiri mbali kuliko hela yake. Kinachomfuata mchoraji nyumbani ni sahihi yake, risiti yake na mkataba wake. Mtu mmoja anapata tabu kuvidai. Chama chenye katibu, kumbukumbu za mauzo na picha ya kila kazi iliyoingia kina pa kuanzia.

Kijana akitaka kujiunga aulize nini?

Kabla ya kulipa kiingilio, kuna maswali matano ya msingi. Chama kinakata asilimia ngapi? Hela inalipwa baada ya siku ngapi tangu picha iuzwe? Nani anapanga picha ukutani, na kwa muda gani? Mwanachama anaruhusiwa kuuza nje ya chama, mfano kwenye simu yake? Na hesabu zilikaguliwa lini mara ya mwisho?

Swali la simu linazidi kuwa kubwa. Zamani mlango wa kumfikia mteja wa nje ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa chama. Sasa kijana anapiga picha kazi yake, anaiweka mtandaoni, na mteja anamtumia ujumbe moja kwa moja. Ushirika usipompa kitu ambacho simu haimpi, kama maonyesho mazuri, usafirishaji wa uhakika au mwalimu wa kumkosoa, atabaki mwanachama wa jina tu.

Na mnunuzi je?

Ukitaka kununua, geuza picha uangalie nyuma, kisha soma sahihi mbele. Uliza aliyeichora ni nani na kama yupo. Uliza sehemu yake katika bei hiyo ni kiasi gani. Dai risiti.

Muuzaji anayejua majibu atakujibu papo hapo, pengine atakuitia mchoraji mwenyewe umsalimie. Asiyejua atakwambia tu kwamba ni Tingatinga, halafu atakupunguzia bei.