Redio ya Pikapu: Kuboresha Sauti Bila Kuharibu Umeme wa Gari

Pikapu ni gari la kazi, na wanaoliunda hutanguliza uwezo wa kubeba mzigo, uimara wa springi na unafuu wa bei, ndiyo maana mfumo wa muziki unaotoka nalo kiwandani mara nyingi huwa wa daraja la chini: redio ya kawaida, spika mbili au nne zenye koni ya karatasi na sumaku ndogo, pamoja na milango ya bati jembamba inayotikisika kwa urahisi. Hata hivyo, dereva wa pikapu hushinda ndani yake, awe anapeleka saruji kwenye ujenzi, anakusanya maziwa vijijini au anawahisha mboga sokoni, na kwake redio ni mwenzi wa safari na mlango wa habari. Kuuboresha mfumo huo ni jambo la maana, ilimradi mwenye gari atambue mapema kwamba sauti nzuri huanzia kwenye nyaya na milangoni, wala haitokani na wingi wa wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua gari limetoka wapi. Nchini Japani vituo vya FM vilirushwa kwa miaka mingi kati ya megahezi 76 na 90, na hata baada ya masafa hayo kupanuliwa katika muongo uliopita yamefika 95 tu, ilhali vituo vya Afrika Mashariki hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwa sababu hiyo, pikapu kuukuu iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa na redio yake ya asili hunasa vituo vichache tu, tofauti na pikapu aina ya Hilux zinazotoka Thailand au Afrika Kusini, ambako masafa ni yaleyale yanayotumika hapa. Wengi hutatua tatizo hilo kwa kifaa kidogo kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho huteremsha masafa, kiasi kwamba kikiteremsha kwa megahezi 15, kituo cha 98.4 husomeka 83.4. Dawa hiyo ni ya bei nafuu lakini haiponyi kabisa, kwa kuwa redio yenye upana wa megahezi 14 haiwezi kumeza upana wa megahezi 20.5, na hivyo baadhi ya vituo lazima vibaki nje. Anayesikiliza redio kila siku atapata nafuu ya kweli kwa kubadilisha redio yenyewe.

Redio mpya inapaswa kuingia kwenye nafasi iliyopo kwenye dashibodi. Vipimo vinavyotumika duniani ni viwili: redio nyembamba yenye upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na redio pana yenye upana huohuo na kimo cha 100. Magari mengi ya Toyota yana nafasi yenye upana wa milimita 200, kwa hiyo redio ya kawaida huacha mwanya pembeni unaozibwa kwa fremu ya plastiki. Umeme wa gari nao uangaliwe, kwani pikapu nyingi hutumia volti 12 lakini malori mengi hutumia 24, na redio ya volti 12 ikiungwa moja kwa moja kwenye volti 24 huungua.

Nyaya za redio za madukani hufuata rangi zinazojulikana na mafundi wengi. Wa njano huleta umeme wa betri muda wote na kutunza kumbukumbu ya vituo. Mwekundu huleta umeme pale tu swichi inapofunguliwa. Mweusi ni ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi kwenye betri. Jozi nyeupe ni ya spika ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto na zambarau ya nyuma kulia, na waya wenye mstari mweusi katika kila jozi ni wa upande hasi. Rangi za nyaya za gari lenyewe huwa tofauti, hivyo fundi makini hatumii mkasi kukata plagi ya kiwandani, bali hununua plagi ya kuunganishia inayoingiliana na ya gari hilo. Kuunga wa njano na mwekundu pamoja, kosa linaloonekana mara kwa mara, kunaweza kuiacha redio ikila umeme usiku kucha, na asubuhi betri ikawa imeisha.

Ama kuhusu wati, ambazo ni kipimo cha nguvu ya umeme, redio iliyoandikwa 50 mara 4 kwa kawaida hutoa wati 20 hivi za kudumu kwa kila spika, na zile 50 ni kilele cha muda mfupi mno. Zaidi ya hayo, kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukihisi kama ongezeko dogo. Spika yenye usikivu wa desibeli 92, maana yake inayotoa sauti hiyo kwa wati 1 ikipimwa kwa umbali wa mita 1, hulingana kwa sauti na spika ya desibeli 89 iliyopewa umeme mara mbili. Ni dhahiri basi kwamba fedha iliyotumika kununua spika zenye usikivu mzuri huzaa matunda mengi kuliko iliyofuata namba kubwa za wati.

Mlango ndio boksi la spika, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Koni inaposogea mbele husukuma hewa kuelekea kwa msikilizaji, na wakati huohuo huivuta hewa iliyo nyuma yake. Sauti ya nyuma ikipenya kwenye matundu ya bati la ndani na kukutana na ile ya mbele, hizo mbili huuana, na besi hupotea. Kwa hiyo matundu hayo huzibwa kwa shuka za mpira wa butili zenye mgongo wa alumini, ambazo pia huzuia bati lisilie, na spika hukazwa juu ya pete isiyoachia hewa. Vitundu vya chini ya mlango vinavyotoa maji ya mvua havipaswi kuguswa, la sivyo mlango utaoza kwa kutu. Kioo nacho kishushwe hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu, ili ijulikane kama kitagonga sumaku.

Anayetaka besi nzito zaidi huongeza sabufa, yaani spika kubwa ya sauti za chini, pamoja na amplifaya ya kuiendesha. Katika pikapu ya kabini moja hutumika sabufa nyembamba nyuma ya kiti, na katika ile ya milango minne nafasi hupatikana chini ya kiti cha nyuma. Amplifaya ya wati 300 za kudumu, ikiwa inageuza asilimia 80 ya umeme kuwa nguvu ya sauti, huhitaji takriban ampea 27 kwa volti 13.8, kwa hiyo waya wake utoke kwenye betri ukiwa na fyuzi ya ampea 30 iliyo umbali usiozidi sentimita 45 kutoka betrini. Waya ukichunika kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, fyuzi hukatika kabla moto haujawaka, mradi tu iko karibu na betri. Waya uwe wa shaba tupu, maana ule wa alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba. Waya wa ethi uwe mfupi na ukazwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Mluzi unaopanda kila mafuta yanapokanyagwa hutokana mara nyingi na ethi mbaya, au na nyaya za sauti zilizolazwa sambamba na waya wa betri.

Mpangilio wa matumizi ya fedha unajitokeza wenyewe: nyaya na plagi sahihi kwanza, milango na spika zifuate, kisha redio, na amplifaya iwe ya mwisho. Mpangilio huu hulinda pia masikio, kwa kuwa sauti ya desibeli 85 huhesabiwa kuwa salama kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kabini iliyotulizwa makelele ya bati na ya injini ya dizeli haimlazimishi dereva kupandisha sauti. Kabla ya kumlipa fundi, mwenye gari ajaribu kila spika peke yake injini ikiunguruma, kisha adai karatasi inayoonyesha nyaya zimepita wapi na kila fyuzi ni ya ampea ngapi, aiweke pamoja na kitabu cha gari, kwani fundi mwingine atakayeligusa gari hilo miaka ijayo ataihitaji.