Jiwe la Isimila ni la Nani?

Mtu atokaye Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akiishika barabara kuu iendayo Mbeya, baada ya mwendo wa kilomita kama 20 hufika Isimila. Katika korongo lile, tangu mwaka 1951, wataalamu wametambua mashoka ya mawe yaliyochongwa na wanadamu zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mengi yamelala wazi juu ya mchanga.

Basi kijana akiokota moja na kumwuzia mgeni, ameuza mali ya nani? Wako wasemao kwamba kisicho na mwenyewe ni cha aliyekiokota. Sisi twaona hoja hiyo haisimami. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vyombo vilivyotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863, na yakataza kuchimba bila ya kibali. Tena jiwe lina ushahidi wake: mtaalamu hutazama lililala katika tabaka gani na lilikuwa jirani na nini. Likishatiwa mfukoni, ushahidi huo umekufa.

Wenyeji wa Iringa wanayajua machungu ya kitu kuondolewa mahali pake. Chifu Mkwawa alipokufa mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe katika miezi sita, halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi katika makumbusho, ikambidi kulichagua moja kwa vipimo. Ndilo alilolikabidhi Kalenga mwaka 1954 kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Tazameni, ndugu zetu: kichwa cha mtu mashuhuri kilipotezwa jina lake hata kikatafutwa kwa rula!

Dini yetu yatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na kuiheshimu maiti kama aliye hai. Kwa hiyo ni haki kuwadai watu wa Ulaya walivyovichukua. Lakini mdai haki naye hana budi kuwa mwaminifu nyumbani kwake. Enyi wazazi, wapelekeni watoto Isimila, waangalie, waulize, kisha waliache jiwe pale pale walipolikuta. Wajukuu wao nao wana fungu lao katika amana hiyo.