Pacha wa Kondo Moja: Kupima Mimba si Kuingilia Ghaibu

Wapo ndugu zetu wanaowazuia wake zao kupimwa mimba kwa ultrasaundi, wakitoa hoja ya sura Luqman, aya ya 34, kuwa ilimu ya yaliyomo matumboni ni ya Mwenyezi Mungu. Itikadi yao ni sahihi, lakini hukumu wanayoitoa siyo. Chombo hiki hupeleka sauti isiyosikika, na mwangwi wake hurudi ukawa picha. Hakijui riziki ya mtoto wala siku ya kufa kwake. Huonyesha kilichokwisha kuumbwa, kama mkunga apapasavyo tumbo kwa mikono yake, wala hakuna aliyemharimishia.

Faida yake hudhihiri khasa kwa pacha wa kufanana, yaani waliotoka katika yai moja. Katika kila jozi 3 za pacha hao, kiasi cha 2 hushiriki kondo moja la nyuma. Humo mishipa ya damu huungana, na katika mimba kama 10 hadi 15 kwa kila 100 za namna hii, damu huelemea upande mmoja. Mtoto mmoja hupungukiwa na damu, na maji yake ya chupa hukauka. Mwenziwe huzidiwa hata moyo wake ukachoka. Lisipotibiwa, mara nyingi wote wawili hufa. Na mama huenda asihisi ila tumbo kukua kwa haraka.

Kwa hivyo yafaa kipimo cha kwanza kifanywe kabla ya wiki ya 14, wakati ambapo ni rahisi kujua makondo ni mangapi. Likiwa moja, mama apimwe kila baada ya wiki 2 tangu wiki ya 16. Tiba ya kuziba mishipa hiyo kwa leza hupatikana katika hospitali chache duniani. Lakini hata pasipo tiba hiyo, daktari aliyejua mapema aweza kumlaza mama, kumpeleka hospitali kubwa zaidi, au kuwazalisha watoto kabla hawajafa.

Mtihani wetu wa bonde la Kilombero ni msimu wa mpunga, jamaa nyingi zinapohamia mashambani, na mvua kujaza maji njiani. Daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, limewaondolea watu wa Mahenge na Malinyi shida ya kivuko. Lakini daraja halimfikishi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mama aliyeachwa dunguni akiamia ndege.

Basi, enyi waume, mke mwenye pacha na abaki karibu na hospitali, na nauli yake itengwe kabla ya mbegu. Kutawakali ni baada ya kushika sababu. Matokeo ni ya Mola. Wabillahi taufiki.