Mke Alitia Sahihi, Mume Akakosa Kiwanja



Katika shamba moja la chai upande wa Fort Portal, magharibi ya Uganda, alikuwako mzee mchuma chai ambaye kwa miaka mingi aliweka akiba kidogo kidogo, akanunua kiwanja nje ya shamba na kujenga nyumba ya vyumba viwili. Alipougua, watoto wake walikuwa mbali. Aliyemuuguza ni mdogo wake pamoja na mke wa huyo mdogo wake. Mzee akaona ni haki kiwanja kibaki kwa mdogo wake, akataka wosia uandikwe.

Mzee hakujua kusoma. Katika laini yao, usiku ule, aliyejua kuandika vizuri ni yule shemeji yake. Basi yeye ndiye aliyeandika, na yeye ndiye aliyetia sahihi ya shahidi wa kwanza. Jirani akawa wa pili.

Mzee alipofariki, watoto walipinga mahakamani. Hakuna aliyesema wosia ni wa uongo. Hata hivyo mdogo wa marehemu alikosa kiwanja. Mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi, na nilidhani hakimu amekosea. Kumbe mimi ndiye sikuijua sheria, nami wakati huo nilikuwa katibu wa tawi! Tulipotoka nje yule mama aliniuliza: "Kosa langu ni kujua kuandika?"

Sheria ya Mirathi ya Uganda ni ya mwaka 1906, nayo ilirekebishwa mwaka 2022. Inataka mashahidi wasiopungua wawili. Kila shahidi amwone mwenye wosia akitia sahihi au dole lake, au aambiwe naye kwa kinywa chake kwamba alama ile ni yake. Kisha shahidi atie sahihi mbele ya mwenye wosia. Heri wote wawe chumbani pamoja, tena watie sahihi kila ukurasa.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kitu alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili. Wosia wenyewe haufi. Mafungu ya watu wengine yanasimama. Lakini fungu la shahidi na la mwenzi wake linaondoka. Mzee wetu hakutaja mtu mwingine wa kupokea kiwanja, kwa hiyo kiligawanywa kama mali ya mtu asiyeacha wosia, na sehemu kubwa ikaenda kwa watoto.

Sheria inaogopa mtu mwenye tamaa kumshika mgonjwa mkono. Haiulizi kama wewe binafsi ni mwaminifu. Mimi naiona kali kwa watu wa laini, ambako anayekuuguza ndiye huyo huyo unayetaka kumwachia kitu. Lakini ndivyo ilivyo, na hakimu hawezi kuipinda kwa huruma.

Basi shahidi awe nani? Awe mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye hapati kitu katika wosia, wala mume au mke wake hapati. Mwenzako wa kazi anafaa. Lakini kibarua wa msimu anayerudi kwao mkataba ukiisha, siku ya mahakama utampata wapi? Na mzee wa umri wako anaweza kukutangulia kaburini. Tafuta kijana mwenye makao yanayojulikana.

Wengi huniuliza juu ya mwenyekiti wa LC 1. Muhuri wake unasaidia kutambulisha watu, lakini sheria ya wosia haimtaki yeye hasa; akitia sahihi ni shahidi kama wengine. Wala wosia hauhitaji muhuri wa wakili ndipo uwe na nguvu. Msimamizi uliyemtaja katika wosia anaruhusiwa kuwa shahidi, mradi hukumwachia kitu.

Kwa asiyejua kusoma iko sheria nyingine, ya mwaka 1918. Aweke dole lake mwenyewe kwanza, ndipo mwingine aandike jina lake pale. Na aliyemwandikia hati lazima aandike jina lake kamili na anwani yake, kuonyesha kwamba aliandika aliyoagizwa, akamsomea na kumweleza. Mwandishi naye asiwe mrithi. Hapo mabishano hupungua.

Wenye ndugu katika mashamba ya Kericho wajue kwamba Kenya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1981, fungu la shahidi hupona ikiwa mashahidi wengine wawili wasiorithi nao wametia sahihi. Huku kwetu usitegemee njia hiyo.

Mwanachama anayetaka kuandika wosia aje ofisi ya tawi Jumamosi baada ya mshahara. Aje na majina ya anaotaka kuwaachia mali, na ya watu wawili wa kushuhudia, tuyalinganishe kabla kalamu haijagusa karatasi.